Vumbi la Plasta Yako

Baba,

Vumbi lililoniganda kichwani ni lako. Nimeoga, nimesugua, bado limo.

Unalikumbuka lile ghala la kahawa la mtaa wa viwanda, ulilolipiga plasta mimi nikiwa bado shule ya msingi? Linageuzwa ofisi, na kazi ya kulipamba nimepewa mimi. Nilifurahi mpaka tajiri mwenye jengo aliponitumia picha za anachotaka: kuta za matofali matupu, mabomba ya umeme nje nje, dari hakuna, taa zinaning'inia kwa waya mrefu. Yale uliyohangaika kuyaficha maisha yako yote, sasa watu wanalipa yaonekane. Meza zina magurudumu, kuta za katikati zinasukumwa, na hakuna mwenye kiti chake. Anayewahi ndiye anayekaa. Nakusikia ukiuliza: "Sasa patroni anakaa wapi?" Popote, Baba, bosi na karani sawa. Hata mimi mtindo huu umenichosha.

Sikumwambia mtu kwamba plasta ile ni yako. Wangenionea huruma, wangempa kazi mwingine, na mimi kazi niliitaka nipate pesa za ukuta wa Mama, ule uliouacha bila plasta. Nilimwita Saidi, mwanafunzi wako, ambaye siku hizi ana mvi ndevuni. Aliingia, akapapasa ukuta. "Zaina, mi siwezi kubomoa hii. Ni ya Mzee." Tukakaa juu ya mifuko ya saruji kama watu waliokuja kilioni. Mwishowe nikachukua tindo na nyundo nikapiga mimi kwanza, ili dhambi iwe yangu.

Haikutoka! Vibarua walilalamika, "Huyu mutu alitia nini humu?" Saidi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia peke yangu nyuma ya lori la mchanga.

Tuliibandua kipande kwa kipande. Matofali yakajitokeza, mekundu, mazuri, sitakudanganya. Tajiri akapiga makofi. Nilitamani kumtukana, lakini nilikuwa nimechoka mno.

Nikarudi nyumbani Buyenzi, nikajitupa sebuleni petu, mbele ya matofali yetu matupu. Kila Ramadhani ikikaribia ulimwambia Mama, "Mwaka huu apana kosa, mama Zaina, nakupigia ukuta wako." Na kila mwaka ikatokea kazi ya watu. Akikukumbusha, unajitetea: kinyozi hajinyoi. Tulicheka sote, naye akicheka. Lakini hukuwaona wanawake siku ya matanga yako, Baba. Kila aliyeegemea ukuta aliinuka na vumbi jekundu kwenye kanga, na Mama, mjane wa fundi plasta, alikuwa akiwapangusa migongo huku akiomba radhi. Aibu ile haijanitoka. Nilikukasirikia sana siku hiyo, nami nilikuwa nakulilia.

Jana nilimwonyesha Mama picha za ofisi kwenye simu. Nilimwambia huu ndio mtindo wa sasa, nikidhani atatulia kidogo akijua kwamba sebule yake imekuwa ya kisasa. Alitazama sana, akanirudishia simu.

"Na hawa, fundi yao alikufa mbele ya kumaliza kazi?"

Niliizima simu, nikautazama ukuta wetu.

Basi nimenunua saruji na mchanga kwa malipo ya ghala lile. Vipo hapa mlangoni, vimefunikwa turubai. Saidi ataniandalia mchanganyiko, ila ukuta nitaupiga mwenyewe, kwa mwiko wako wenye mpini uliofungwa raba. Hautanyooka kama wako. Utakuwa na mawimbi, na ningekuwa na wewe hapa ungenitania mpaka jioni.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akutanulie kaburi lako. Ahadi yako kwa Mama nimeichukua mimi. Ukuta ukikauka, nitamwambia avae nguo yake nyeupe, aje auegemee.

Mwanao,
Zaina