Sentensi Yangu ya Kwanza

Jumatano, baada ya Isha

Magogoni nzima hakuna kijana mwenye Kiingereza kizito kama changu, na nasema bila haya. Neno, maana yake, sentensi ya mfano: vyote nimevihifadhi kwa kuyumbayumba mbele na nyuma, kama tulivyofunzwa Qurani chuoni.

Dada Mwanaisha akachukua kitabu changu cha maneno anijaribu. "Reluctant!"

Nikamtiririshia: mwenye kusitasita, mzee yule alisita kumuuza farasi wake.

Akacheka. "Farasi umemuona wapi wewe? Haya, tunga yako."

Wallahi, hata moja haikuja.

"Kesho kwenye usaili wale wa hoteli hawatakuuliza mambo ya kitabuni, mdogo wangu. Watakuuliza habari zako."

Ameniudhi, kwa sababu ni kweli. Hiyo kazi ya mapokezi naitaka kwelikweli. Nimelala, nimeinuka, nimekunywa maji, nimelala tena, usingizi hauji, na kichwani sentensi za watu tu.

Sasa hivi nimetunga moja kwa Kiingereza, bila kitabu: nasitasita kwenda kesho kwa sababu naogopa watanicheka.

Haina kasoro hata kidogo. Ni yangu mwenyewe, na siwezi kumsomea mtu.