Diski Ilikwisha Maliza

3 Machi

Mpwa wangu,

Mzima? Mimi sijambo, magoti tu. Nasikia hospitali imekukabidhi draiva ya diski, programu ya kuiongoza niliyoiandika mimi, nawe umeipasuapasua. Badala ya prosesa, ubongo wa mashine, kushughulika na mengine hadi diski itume ishara kwamba imemaliza, eti sasa inaiuliza: umemaliza? umemaliza? Huo ni uhandisi au umbea? Hata mama yako akiinjika maji hasimami kuyakodolea macho. Rudisha kazi yangu kabla hujatuaibisha.

Mjomba wako

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na magoti. Mama anakusalimu. Diski za enzi zako zilituma ishara moja, zikasinzia. Hizi mpya zinamaliza kazi maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kila ishara inailazimu prosesa iache ilichoshika. Asubuhi wauguzi wakifungua majalada ya wagonjwa kwa pamoja, prosesa ilikuwa inapokea ishara tu. Kwa hiyo zikizidi nazizima, nauliza mwenyewe. Zikipungua, narudi kwenye mtindo wako. Ungesoma ungeona. Lakini wewe na kusoma kazi ya mtu mwingine!

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Jumatatu mashine iliganda. Daktari wa upasuaji alisimama na kisu mkononi, mgonjwa keshalala kwa dawa ya usingizi, jalada halifunguki. Mkuu wako aliniita ofisini, nikamwambia mbele ya wote: mtoto kachezea asichokijua.

Mjomba wako

5 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimesimamishwa kazi, ahsante. Mgonjwa amepona, maana hukuuliza. Kosa nimelipata. Draiva inachukua kazi zilizokwisha, ndipo inafuta ishara. Diski ikimaliza kazi nyingine hapo katikati, ishara yake nayo inafutwa. Diski imemaliza, draiva inasubiri mpaka kiama. Mistari hiyo ni yako. Sikuigusa, kwa heshima. Diski za zamani zilikuwa goigoi mno kukuumbua.

Usiniandikie.

Mpwa wako

19 Juni

Mpwa wangu,

Hali yako naipata kwa mama yako. Mkuu aliniomba nirudishe draiva yangu ya zamani, yote. Nikairudisha nikicheka. Siku ya tatu ikaganda. Nilikaa wiki nzima nikitafuta kosa lolote lisilokuwa lile ulilosema. Sasa inafuta ishara kwanza, inachukua kazi, kisha inachungulia tena. Na mtindo wako wa kuuliza nimeurudisha, ingawa umeuandika ovyo.

Mkuu aliniuliza, tukiwa wawili tu ofisini kwake, "Sasa yule binti alikosea wapi?"

Nikasema, "Aliniamini."

Barua ya kukurudisha kazini inakuja.

Mjomba wako

24 Juni

Mjomba,

Shikamoo utaipata ukija. Barua nimepokea. Kuniita mtoto uliniita mbele ya ofisi nzima. Kunisafisha umekwenda kunong'ona kwa mkuu, mlango umefungwa. Jumatatu saa tatu wahandisi wote tunakutana. Njoo uyaseme hayo hayo, kwa sauti ile ile.

Kiti chako nitakiweka mbele.

Mpwa wako