Niliiacha Nzima

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Sinza sote wazima, na goti la babu yako limetulia. Umeniuliza kama uiruhusu ile programu isafishe rejista ya kompyuta yako.

Miaka ya tisini nilikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini. Kompyuta ilikuwa moja. Fundi alinipa mimi peke yangu neno la siri la kuingilia rejista, ile orodha ya ndani inayoiongoza mashine. "Mama, humu usifute kitu bila kunipigia," aliniambia. Siku moja mashine ikawa nzito. Nikaweka diski ya kusafishia niliyoazima, nikakubali kila ilichotaka kufuta mle kwenye rejista bila kumpigia fundi, nikaizima, nikaenda kula.

Niliporudi, Rehema, mpiga chapa wetu, alikuwa ameiwasha na imegoma kabisa. Bosi anamfokea: "Umefanya nini?"

"Nimeiwasha tu, bosi. Dada Mwanaidi, si uliiacha nzima?"

Nikajibu, "Niliiacha nzima."

Rehema aliachishwa kazi jioni ile. Fundi aliitengeneza mashine kwa siku mbili. Nilipopata ujasiri wa kwenda kwa kina Rehema, Buguruni, kumwambia ukweli, walikuwa wamehama, na jirani hakujua wameelekea wapi.

Basi usiiruhusu, mama, kabla hujaweka nakala ya rejista pembeni na kumuuliza anayejua. Mie hata leo, mtu akiita Rehema sokoni, nageuka.

Nakuombea kheri huko uliko.

Bibi yako, Mwanaidi