Kwa Ovidio Carrasquillo, Mtu wa Taa wa Lantana

Ovidio, mwaka umeshazunguka tangu ulipotutoka, na baridi ya New York ni ileile uliyokuwa ukiilaani kila ukifungua dirisha. Sisi tupo. Mama yako anaamka kabla ya majirani na kupika kahawa nyingi kuliko tunavyoweza kuimaliza. Thaddeus ameota mvi. Leland amerudi kufundisha watoto nyimbo kule shuleni Queens, na wakimuuliza kwa nini siku hizi hacheki, anawaambia jino linamsumbua.

Tunaandika ili waliokujua wakukumbuke, na wasiokujua wajue ulikuwa mtu wa namna gani.

Ulikuwa mpole wa maneno, mtundu wa mavazi. Ulipiga pasi hata soksi. Hukuweza kula peke yako. Ukipika wali wa mbaazi ulipika sufuria ya watu kumi, kisha ukatoka kwenye korido kuwatafuta hao kumi. Mgonjwa akiwa hoi hospitalini, wauguzi wakimwachia sahani ya chakula mlangoni kwa kuogopa kumkaribia, wewe uliingia, ukavua koti, ukamlisha kwa kijiko huku ukimsengenya daktari mpaka mgonjwa acheke.

Na ulikuwa mtu wa taa wa Lantana. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililokufanya ujulikane, na ndilo lililotugusa sote.

Kabla ya kuwa klabu ya dansi, Lantana lilikuwa ghala la barafu karibu na gati za mto Hudson, jengo kubwa lisilo na dirisha hata moja. Watu waliingia Jumamosi na kutoka Jumapili mchana, nguo zimelowa jasho, wakikunja macho juani kama vitoto vya paka. Walikuwa wanaume waliopenda wanaume, weusi wa Harlem, Wapuerto Riko wenzako wa Bronx, Waitalia wa Brooklyn, hata wazungu wa benki waliokuja na nguo za dansi ndani ya mikoba ya kazini. Huko nje mtu aliweza kupoteza kazi kwa kumshika mwenzake mkono. Mle ndani hakuna aliyeuliza. Dijei aliwapa mdundo, Thaddeus akawalinda mlangoni, amesimama kama kabati la nguo, nawe ukiwa juu kwenye kibanda chako, vidole kwenye swichi, uliamua nani aonekane na nani afichwe.

Leland anapenda kusimulia siku yake ya kwanza. Alikuja na tai ya kiualimu, akajibanza ukutani. Wewe ukammwagia mwanga mweupe usoni.

"Zima hiyo taa!" alipiga kelele. "Nitaonekana!"

Ukainama kutoka juu. "Sasa nimeiwashia nini?"

Mkaishi pamoja tangu mwaka huo.

Kisha Ukimwi ukaingia. Mwanzoni magazeti hayakuutaja, na waliokufa walizikwa na ndugu ambao hawakutaka kutuona makaburini. Wa kwanza kwetu alikuwa Alphonse, mnyoaji wa Harlem, aliyekuwa akicheza karibu na nguzo ya katikati. Wiki aliyozikwa, ulishusha duara dogo la mwanga wa njano palepale alipozoea kucheza, ukaliacha mpaka asubuhi. Hukumwambia mtu kitu. Lakini hakuna aliyekanyaga pale. Ukumbi ulijaa, watu wakibanana mabega kwa mabega, na lile duara lilibaki tupu katikati yao.

Duara likawa mawili, yakawa mengi. Leland alidhani ni heshima tu, kama kuwasha mshumaa. Siku moja akakusifu kwa wazo zuri.

"Si wazo," ulimjibu. "Nawamulika kwa sababu wapo. Wanagongwagongwa gizani, wanaona haya."

Alikutazama, akaona hutanii. Ametuambia kwamba siku ile aliogopa kulala kitanda kimoja na wewe, na kwamba alilala hivyo hivyo.

Halafu ikaja Jumapili ya Gaspare. Ilikuwa asubuhi, muziki umetulia, watu wanacheza wamefumba macho. Gaspare, muuza nyama wa Brooklyn mwenye mdomo mchafu kuliko sote, aliyemwita kila mwanamume dada, akaona duara jipya karibu na spika. Akapanda ngazi za kibanda chako, Leland akiwa amekaa hapo kando.

"Dada wee, ile ya nani? Wafu wetu wote nawajua, na taa zao nazijua."

"Sijui," ulisema. "Kuna mtu amesimama pale. Amenipa mgongo."

"Basi mwambie ageuke, shosti, tumwone kama ana sura." Gaspare alicheka peke yake.

Hukucheka. "Gaspare, shuka ukapumzike."

"Nimekuuliza ni nani!"

Leland anasema uliushika mkono wa Gaspare kwanza.

"Amevaa shati lako."

Gaspare alijitazama kifuani. Alikuwa na lile shati lake la hariri la kijani, lililoshonwa na mama yake. Alikaa chini kwenye ngazi, mtu mzima yule, akakwambia, "Izime. Nakuomba, Ovidio, izime." Ukaizima. Kabla ya majira ya joto tulimzika.

Habari zikaenea. Watu wakawa wanaingia Lantana wakitazama sakafuni kabla ya kusalimiana. Mwanga ukipita karibu na mtu, anaruka pembeni. Ulipoona wanakuogopa, uliteremka kutoka kibandani, ukampa Thaddeus ufunguo, ukakaa nyumbani ukipiga pasi mashuka. Wenye klabu wakafunga balbu za kawaida, na watu wakacheza chini yake kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Hawakuweza kuendelea hivyo. Walikuwa wakigongana na kitu, wakiomba radhi, kisha wakigeuka hawamwoni mtu.

Ndipo walipomtuma Thaddeus kwako.

"Rudi, ndugu yangu," alisema. "Wamejadiliana. Wanasema afadhali wajue wafu wako wapi."

Ukarudi. Na tangu hapo hakuna aliyekulaumu tena, hata wewe mwenyewe ulipoanza kukonda.

Mama yako hakuwa amekuona kwa miaka. Alikuambia usikanyage kwake mpaka ubadilike, nawe ulikuwa na kichwa kigumu kama chake. Migdalia, dada yako, ndiye aliyekuwa akija kwa siri. Alipokuona mashavu yalivyoingia ndani, alikwenda Bronx akamwambia mama, "Ukitaka kumkasirikia, fanya haraka."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mama yako, Doña Providencia kama wanavyomwita kwa heshima, alifika kwenye mlango wa Lantana, koti jeusi, mkoba kifuani, Migdalia nyuma yake.

Thaddeus akajikohoza. "Mama, samahani, hapa ni mahali pa..."

"Najua hapa ni mahali pa nini. Mwanangu yumo?"

"Yumo, Mama."

"Basi nipishe, baba. Mimi nina miguu mibovu, sitasimama."

Akaingia. Leland, ambaye alikuwa hajawahi kukutana naye, alimkimbilia kumwonyesha ngazi. Lakini mama alikuwa amesimama ukingoni mwa sakafu, anaangalia. Wanaume walikuwa wanacheza mbele yake vifua wazi, na Leland akajiandaa kwa matusi.

"Mbona hawa wengine hawachezi?" mama aliuliza.

"Wepi, Doña?"

"Hawa waliosimama kwenye mwanga. Maskini, wamelowa. Yule wa shati la kijani amenisalimia. Huyo ana adabu."

Hakuna aliyemwambia mama habari za Gaspare. Migdalia mwenyewe hakuwahi kumjua. Juu kule ulikuwa umemwona mama yako, mikono yako imeganda kwenye swichi, na kwa mara ya kwanza ukiwa kibandani taa zilisahauliwa, zikabaki rangi moja. Mama akapanda ngazi zile mojamoja, akishika ukuta.

"Na wewe unawaona?" ulimuuliza.

"Tangu nikiwa msichana kule kwetu Ponce. Mama yangu alikuwa akiwawekea maji mezani. Mimi niliona aibu, nikawa najifanya sioni." Alikushika uso kwa mikono yote miwili. "Nilikufungia mlango kwa lile, Ovidio, na kumbe ulikuwa umebeba na hili. Peke yako."

Hatujui ulimjibu nini. Leland alishuka akawaacha.

Mama alihamia kwenu. Alilala kwenye kochi la sebuleni, akagombana na Leland jikoni kila siku ya Mungu. "Huu si wali, huu ni uji," alimwambia. "Kwenu Ohio hamna meno?" Wewe ulikuwa ukicheka chumbani mpaka ukohoe, na Leland akawa anaharibu wali makusudi ili akusikie.

Asubuhi uliyokufa kulikuwa na theluji. Ulitamani machungwa, Leland akashuka kuyatafuta. Aliporudi, mama yako alikuwa ameshafungua dirisha, na pazia lilikuwa linapeperuka kuelekea nje.

Leland alijilaumu kwa machungwa yale miezi mingi. Lakini alikuwa na tumaini moja, na hatukuthubutu kumnyang'anya. Kila Jumapili alikwenda Lantana na mama yako, akasimama chini ya kibanda chako, akauliza, "Amekuja?" Na mama akamjibu, "Bado simwoni."

Mwezi wa tisa jengo liliuzwa. Jumapili ya mwisho watu walicheza, wakalia, wakakumbatiana barabarani, wakatawanyika. Thaddeus alikuwa anatafuta kufuli mama yako alipomshika mkono.

"Usifunge. Wengine hawajatoka. Hawajui kama pamekwisha."

Thaddeus hajawahi kuona chochote, wala hajawahi kusema ameona. Hata hivyo alifungua milango yote miwili, jua la mchana likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Akanyoosha tai yake, akasimama penye nafasi yake ya kila siku. Mama akabaki ndani, anawaita kwa sauti ya mtu anayeamsha watoto waende shule.

"Huyu mfupi, ana kovu kwenye nyusi."

"Alphonse," alisema Thaddeus. "Nenda salama, Alphonse. Ulikuwa fundi wa miguu."

Kila aliyetajwa alipopita, moshi wa sigara ya Thaddeus ulipinda kuelekea mtaani, na siku ile hakukuwa na upepo. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na mbwa wake. Mbwa alikaa chini, akakataa kuvuka mbele ya mlango, analia taratibu. Mwanamke alilitazama jitu lile jeusi lenye suti likiaga hewa kwa majina, akasubiri bila kuuliza. Ilipofika zamu ya shati la kijani, Thaddeus aliitupa sigara. Aliinamisha kichwa tu.

Leland alikuwa ng'ambo ya barabara, ameshika koti lako la manyoya ya ngamia. Alilileta ili usitoke bila koti.

Mbwa akainuka, akaendelea na njia yake. Mama akatoka. "Wamekwisha."

"Na Ovidio?" Leland aliuliza, akivuka barabara.

"Hayumo, mwanangu. Tangu afe hajawahi kuwemo."

"Umekuwa ukiniambia bado!"

"Nilikosa ujasiri." Mama yako alikaa kwenye kizingiti. "Asubuhi ile ulipotoka, nilimwambia aende. Nikamwambia asipitie kwenye muziki, asigeuke, aende moja kwa moja."

"Sikuwepo! Ulimwambia aende nikiwa sipo?"

"Ungekuwepo asingeenda. Alikuwa anakungoja wewe tu, na kungoja kulikuwa kunamuumiza. Mlango nilishamfungia mara moja, Leland. Siku ile nilimfungulia wote."

Leland alilivaa koti lako, akaondoka. Hakupokea simu. Mama yako aliendelea kumwekea sahani, na kila jioni Migdalia aliiosha ikiwa safi.

Majani yalipoanza kuanguka, Leland aliugonga mlango, hajanyoa, macho yamevimba. Hakusalimia.

"Alisema chochote?" aliuliza. "Ulipomwambia aende. Aliniulizia?"

Mama yako alizima jiko kwanza.

"Aliuliza kama ulitoka na kofia. Kulikuwa na theluji."

Leland aligusa kichwa chake, kana kwamba anahakikisha. Kisha akakaa mezani, akala, akalia, akaomba aongezewe.

Ovidio, ukisikia tunakutaja, usidhani tunakuita. Songa mbele. Huku kumetulia, na Leland siku hizi hatoki bila kofia.

Wanaokukumbuka ni mama yako, Doña Providencia. Dada yako, Migdalia. Leland, mwenzako wa maisha, ambaye mama sasa anamwita mwanawe mbele za watu kanisani. Thaddeus, kaka yako wa mlangoni. Na wote waliocheza chini ya taa zako ambao bado wako hai.

Maadamu tunapumua, jina lako halitatoka midomoni mwetu.