Kofia Tuliyokuzika Nayo

Papa,

Leo naanza na ugomvi, salamu zitafuata nikipoa. Kwa nini ulipima majivu kwa kofia? Nyumba ilijaa sufuria, vikombe na makopo ya maziwa, hata kile kikapu cha Mama cha kupimia maharage kilikuwepo. Wewe unavua kofia kichwani, unachota majivu, unayamwaga kwenye beseni, unaikung'uta gotini, unairudisha kichwani. Miaka sita nimefanya kazi nawe na sikuona ubaya wowote. Sasa nauona kila siku ya Mungu.

Tulikuzika nayo, Papa. Kama hukujua, basi ujue, na ujue kwamba ni mimi niliyekuvika. Ulikuwa umelazwa pale sebuleni, kifua kimeshakumaliza kwa siku sita tu, Mama akanigeukia akasema, "Kule chini kuko baridi. Utaacha papa yako aende kichwa wazi?" Nikaichukua kwenye msumari wake, nikaipangusa, nikakuvika ikiwa imelala kidogo kushoto kama ulivyopenda. Watu wakasema muzee amependeza. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye kibanda chetu cha kazi, mikono imejaa uji wa muhogo, nikageukia ule msumari ili nipime. Nilikulilia kwa hasira siku ile. Uchungu ulikuja baadaye.

Nakumbuka jinsi kazi hii ilivyoanza. Ulikuwa mwaka ule kila mtu hapa Nyabiondo alitaka kuezeka manjanja, na sisi pia tukang'oa majani ya nyumba ya babu tukapiga hayo mabati. Yaling'aa hadi ng'ambo ya kilima. Asubuhi ya kwanza tuliamka meno yakigongana, na matone ya umande yakitudondokea kutoka kwenye bati. Wageni wanakuja kutupongeza, wewe umejifunika blanketi mchana kweupe, unawaambia, "Tumenunua heshima, tumeuza joto." Kisha ukatazama juu, ukasema, "Na nyumba pia inataka blanketi yake."

Walicheka. Wakacheka zaidi walipokuona unaokota magunia mabovu ya kahawa, maganda makavu ya migomba na matambara ambayo hata fundi cherehani ameyakataa. Unachana, unaloweka, unachanganya na uji wa muhogo ili vishikane, unatia majivu na unga wa maua ya pareto ili wadudu wasipende, unakandamiza kwenye fremu ya mbao, unakausha juu ya moto wa jikoni. Blanketi la kwanza lililiwa na fukusi. La pili lilianguka kwenye ugali tukiwa mezani. Sijui ni la ngapi lililokubali, ila ulilipachika juu ya kitanda cha Mama, aliyekuwa anakohoa mwezi mzima, na Mama akalala. Tangu hapo hakuna aliyecheka, wakaanza kuja kukuomba uwafanyie na wao.

Kisha ukaenda kumwahidi Mama Rejina, mkunga wetu, kwamba utafunika dari yote ya chumba cha kuzalishia. Alikuwa amekuambia mbele yangu, "Papa, mvua ikinyesha kwenye ile manjanja, siwezi kusikia mutoto kama analia ao hapana." Ukafanya nusu ya chumba. Ukafa.

Sasa sikiliza nilivyohangaika. Nilikuwa nakumbuka maneno yako vizuri: "Kofia mbili na nusu kwa beseni moja. Ikishikana njo uache." Mbili na nusu ninayo kichwani. Kofia yenyewe ndiyo sina. Niliazima kofia ya baba mdogo. Ni ndogo, ana kichwa kama cha ndege, na majivu yakawa machache. Kufikia siku ya kumi na mbili fukusi walikuwa wamelitoboa blanketi zima. Nikaenda kwa katekista, ambaye alinipa yake huku akiniombea kimoyomoyo, maana nilimwona midomo inacheza. Ile nayo ni pipa. Blanketi likakauka vizuri, nikalinyanyua, likamomonyoka mikononi kama ugali uliokosa maji. Nilijaribu kukumbuka kichwa chako kwa mikono yangu. Nilikaa pale kibandani nimekunja viganja hewani, nakadiria kichwa cha marehemu, na mke wa jirani akapita akaniona. Wanasema nimerukwa na akili kwa sababu ya msiba. Waseme.

Na hata nyuzi zenyewe ni shida. Tangu barabara iharibike na fujo, malori ya kahawa hayapandi huku, magunia hayapatikani. Bahati, yule mtoto wa watu uliyemlea kwetu, anatembea kwa miguu mpaka Ntoto, anarudi na nyuzi za magome ya miti ya mivumu mgongoni, anazitua mlangoni bila kusema neno. Nami namharibia zote kwa kofia za watu wengine.

Miezi miwili iliyopita Papa Simoni wa komite ya kijiji alisimama katika chumba cha kuzalishia, akaigonga dari yako kwa fimbo, akaniambia, "Muzee alikuwa anajua. Lakini muzee alienda na kazi yake. Nusu dari haifai kitu. Mvua ikianza bila kumaliza, tunabomoa yote, mbao zitaenda shuleni." Alisema kweli. Ulienda na kazi yako, Papa, na mimi ndiye niliyekupakia mzigo.

Nitakuambia pia jambo baya. Siku ile nilipita makaburini nikiwa na jembe, natoka shambani. Nilisimama. Nilitazama kile kilima cha udongo, nikahesabu, na moyo wangu ukasema ni kazi ya asubuhi moja tu. Sikufanya. Lakini niliwaza, na nimeona ni heri ulijue kwangu.

Nilipofika nyumbani nikatazama juu ya kitanda cha Mama. Blanketi lile la kwanza lililokubali bado lilikuwa pale, jeusi kwa moshi, zima. Majivu yako yalikuwa ndani yake. Kulichoma nisingeweza, maana nyuzi nazo zingekuwa majivu na nisingejua yapi ni yapi. Lakini nikiliweka kwenye maji ya moto, uji utalainika, nyuzi nitazitoa kwa mkono, majivu yatatuama chini. Beseni moja hutoa blanketi moja, basi nitakuwa na kipimo chako. Na blanketi lako sitakuwa nalo tena.

Mama alikataa. Alikaa chini ya lile blanketi akakataa siku tatu. "Hii njo kitu ya mwisho yenye alinifanyia na mikono yake," alisema. "Ukitaka kufundishwa, ungemuuliza akiwa muzima." Hilo lilinichoma kuliko maneno yote ya komite. Siku ya nne binti wa jirani alizaa pale kwa Mama Rejina, chini ya upande usio na dari, na Mama akaenda kumtazama mjukuu wa rafiki yake. Aliporudi hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alipanda kitandani, akaanza kung'oa misumari mwenyewe kwa mpini wa kijiko.

Nililoweka asubuhi. Kufikia adhuhuri uji ulikuwa umelegea, nikaanza kuchambua: ganda la mgomba, gunia, gunia, kitambaa cha gauni la zamani la Mama. Kisha mkono wangu ukakuta sufu. Nikavuta. Rangi ya bluu ilikuwa bado imo, Papa. Kipande cha mkono wa sweta na kifungo chake kimoja.

Sweta yangu! Ile niliyopewa shuleni kwa kushika nafasi ya kwanza! Nilimwita Bahati mwizi mbele ya watu, nikakataa kula naye kwa wiki nzima, na wewe ulikuwa umekaa pale pale unachana magunia, ukaniambia, "Usilie, mutoto wangu. Popote iko, iko mahali pa joto." Muzee mwongo wewe. Ulimwacha mtoto wa watu abebe lawama miaka hii yote! Nilimwita Mama aje aone. Alikishika kile kifungo, akasema kwamba wakati ule kikohozi kilikuwa kinataka kumuua, na nyumba nzima hakukuwa na sufu nyingine. Alijua. Nyote wawili mlijua. Nikakasirika, nikacheka, sikumaliza kucheka vizuri.

Bahati aliporudi kutoka Ntoto nilimwomba radhi. Aliutua mzigo, akakitazama kifungo, akasema, "Dada, mimi nilikuwa nimekwisha sahau." Sikumwamini. Lakini jioni ile alikula nasi na aliongea.

Majivu yalituama, nikayakausha juani juu ya jani la mgomba, nikayapima kwa kopo la maziwa. Yalikuwa makopo matano na kidogo. Najua mengine yalikwenda na maji, kwa hiyo nikajaribu matano na nusu, nikajaribu sita. Blanketi la makopo sita ndilo lililoshika. Limekaa jikoni mwezi mzima, fukusi hawajaligusa, na Papa Simoni alilipiga fimbo yake mara tatu halikumwaga hata chembe. Hakusema neno zuri, unamjua. Alisema tu kwamba mbao za shule zitangoja. Mvua imeanza juzi. Yamebaki mablanketi manne dari ikamilike, nami naandika haraka kwa sababu uji uko motoni.

Juu ya kitanda cha Mama bado kuna shimo, linaonyesha bati. Nilitaka blanketi jipya la kwanza liwe lake, akanifukuza: "Peleka kwa watoto kwanza. Mimi baridi ninaijua." Basi nakuahidi, Papa, la mwisho ni lake, na kifungo cha bluu kitarudi humo humo ulikokificha.

Lala salama. Kama kweli huko kuna baridi, kofia unayo, sikudai tena. Kipimo nimekiandika kwa mkaa ukutani kibandani, nimemwambia Mama, nimemwambia Bahati, nimemwambia Mama Rejina, hata Papa Simoni nimemlazimisha akirudie kwa sauti. Na wote nimewaapisha: siku yangu ikifika wanivike chochote wanachotaka, lakini kopo libaki kwenye msumari.

Mimi Mawazo, binti yako.