Ukili kwenye usukani

Kilwa Masoko, Jumamosi

Shikamoo Bibi. Nitakueleza yote, hata ya aibu.

Kwa shangazi amefikia Dada Rehema, mchoraji kutoka Dar. Baiskeli yake ameichora samaki kila mahali. Haina breki, na gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Anaipeleka kwenye maonyesho huko Dar. Alipotafuta kitu cha kuvalisha usukani, nikajitapa, "Mimi ni mjukuu wa msusi wa mikeka!" Nikasuka ukili mwekundu wa majani ya mkindu, nikauzungushia, nikaomba kuijaribu baiskeli.

Kufika sokoni ukili ukafumuka, ukanipiga usoni. Nikaacha kukanyaga, lakini pedali hazikuacha. Nikatua kwenye beseni la mihogo la Mama Zuhura.

"Mwanangu, si ungeomba tu!" akasema. Soko zima likacheka.

Dada Rehema hakukasirika. "Suka tena, fundi. Safari hii umalize."

Anaondoka mwisho wa mwezi, nami natamani sana kazi yangu ifike Dar. Ila kila nilichoanza kusuka hapo kwako Mitwero, ulikimalizia wewe.

Mungu akupe afya, Bibi yangu. Kadi ikifika tu, nipigie kwa simu ya shangazi: mwisho wa ukili unafungwaje?

Mjukuu wako,
Mwanaidi