Siku Mkweo Alipokupa Mgongo

Mdogo wangu Zaina,

Nimechoka. Leo nimeshinda Bungu kwa mama mmoja aliyepooza kama ulivyopooza wewe, nikihangaika na kompyuta ya kuandikia kwa macho. Kamera haikumwona yeye, iliona jua la dirishani. Nimerudi Korogwe sina hata hamu ya kula, na nimekukumbuka.

Ni wewe uliyenijaribia ile ya kwanza, kule kwa mama Handeni. Ulikuwa unaikazia herufi macho mpaka iandikwe, ukipepesa inakuja nyingine. Asubuhi nzima ukatoa sentensi moja: "Uji hauna sukari." Mama akaapa mashine inamsingizia. Ulicheka kwa macho, nasi tukacheka kwa niaba yako.

Halafu baba mkwe wako akaja kutoka Mnyuzi. Mumeo alishaoa kwingine, na mzee alimtaka mjukuu wake Rehema, maana mama asiyesema wala kuinuka atamleaje mtoto? Nikakuwekea kompyuta mbele. "Muulizeni mwenyewe," nikasema kwa majivuno.

Hakuna herufi iliyotoka. Nikafuta kamera, nikachomeka waya upya, jasho linanitiririka.

"Basi mwanangu, tusimsumbue mgonjwa," mzee akasema.

Ni mama aliyeona. Ulikuwa umeinamisha macho, kama tulivyolelewa: mkwe hakodolewi macho. Nami nilikuwa nimeunda chombo kinachotaka mtu akodoe ndipo asikike! Mama akamnong'oneza mzee. Mzee akanyanyuka taratibu, akageuza kiti, akakupa mgongo.

"Haya mwanangu, sema."

Ukainua macho. Ilichukua muda mrefu. "Shikamoo baba," sauti ya kompyuta ikasema. "Marahaba," akauitikia ukuta. Kisha: "Naomba Rehema abaki."

Akabaki nawe mpaka ulipotutoka, kisha nikamchukua mimi.

Jana mzee alinipigia simu, akiuliza habari za mtoto. Nilidhani anamtaka tena, Zaina. Uliandika abaki, hukuandika abaki na nani baada yako, nami kwa uchovu huu sijui kama namfaa. Nikamwambia, "Baba, kama unataka kumchukua, sema tu."

Akajibu: "Nitasema nini tena? Mama yake alishasema."

Nimelia mpaka nimechoka na kulia. Pumzika, mdogo wangu. Rehema ameshalala, nami namfuata.

Dada yako,
mama mkubwa wa Rehema